Kicheko Chini ya Besi

Siku ya hitma ya mama, baada ya wageni kuondoka na masinia kuoshwa, kaka yangu Shee aliingia akaketi nasi wanawake chumba cha ndani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu atahiriwe. Kichwa kimeshaota mvi, tumbo limemtangulia, na Mombasa imemzoesha viti, kwa hiyo alihangaika na miguu yake mkekani mpaka nikamtupia mto. Binti yake alitaka kumliwaza. Akamwonyesha katika simu kitu wanachotumia vijana siku hizi: unakipa wimbo, nacho kinakutengea, uimbaji huku, ngoma huku, besi huku, hata kahawa haijapoa kikombeni. Shee akasema sisi kazi hiyo ilitutoa jasho, tena jasho la miezi. Akamwambia autie wimbo wetu wa zamani, ule wa mzee anayecheka. Simu ikaufanyia kazi, ikaugawa. Binti akagusa fungu la uimbaji: kimya. Akagusa fungu la besi, na humo, katikati ya gitaa nene, kikatoka kicheko kile. Hata mashine ya leo haikutambua kuwa ni mwanamke. Shee alifumba macho akatikisa kichwa kufuata mpigo, kisha akasema, bila kumwambia mtu hasa, kwa Kiamu chetu ambacho kucheka ni kuteka, "Wayua, Salma, mimi mama sikupata kumsikia akiteka. Kutabasamu, ndiyo. Lakini kuteka kwa sauti, hilo mulikuwa nalo nyinyi huku ndani." Mimi nikainuka nikasema naenda kutazama maji ya kahawa. Maji ya kahawa yalikuwa yameshachemka zamani.

Mtu akifika umri wangu huwa ameona haya mara nyingi hata zimemchanganyikia. Niliwahi kuanguka na sinia la pilau mbele ya wakwe, niliwahi kumpa pole mtu ambaye mumewe alikuwa hai, na yote hayo leo nayasimulia watu wakacheka nami nikacheka nao. Ya mwaka ule sijapata kuyasimulia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimekaa ndani nikingoja, ingawa hakuna aliyeniambia nangoja nini. Nyumba yetu ya Langoni, mtaa wa Amu, ilikuwa na sabule mbele, chumba cha wageni wa kiume, na kati ya sabule na ndani lilining'inia pazia la kitambaa kizito cha kijani kilichopauka upande wa jua. Upande wa huku nilikuwa mimi na mchele wangu wa kuchagua. Upande wa huko alikuwa Shee, aliyenipita miaka miwili, na rafiki yake Mwangi, mtoto wa mwalimu wa bara aliyehamishiwa kwetu. Mwangi ndiye aliyekuwa na kompyuta, ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu, na aliileta kwetu kwa sababu nyumba ya serikali waliyopewa ilikuwa na bati, na alisema chini ya bati hakuna muziki unaosikika. Kuta zetu za matumbawe zilikuwa nene, zikitunza sauti. Mama alimpenda. Kila alasiri alimpelekea kaimati kwa mkono wa Shee na kusema kijana yule kakonda, nti ya watu si ya mama yako. Mwangi naye alizila zote na kulamba sahani, Shee akirudi nayo safi tukadhani imeoshwa.

Kazi yao ilikuwa moja: kutoa besi katika santuri za zamani za dansi na kuitengenezea wimbo mpya. Nimeshakutana na watu wanaodhani huo ni wizi tu wa kivivu, wakae kimya. Kupata besi peke yake ni kazi ya subira na sikio. Huwezi kuichomoa tu, kwa sababu juu yake wamelala waimbaji, tarumbeta, magitaa mengine na makofi. Unatafuta mahali ambapo wengine wamepumzika na mpiga besi anaendelea kutembea peke yake, pengine kidogo sana, kiasi cha pumzi ya mwimbaji. Unakata hapo. Unakiunga kipande mkia kwa kichwa mpaka kizunguke bila kovu, kisha unakiwekea ngoma zako. Mwangi alipenda kueleza kila alichokifanya, na Shee alipenda kuuliza, nami nyuma ya pazia nikajifunza bila ya kutaka. Baadaye nikawa hodari kuliko Shee. Kovu likiwapo katika muungano nililisikia kabla yao, na Shee akaanza kuniita kupitia pazia: "Salma, hapo sawa?" Mwangi hakupata kuuona uso wangu mwaka mzima. Aliniita Madam, na hukumu yangu aliifuata kama ya kadhi. Sitaki kudanganya, nilijisikia mtu.

Sasa nimseme mama. Mama, Bi Nuru, alikuwa na sauti nene. Sisemi nzito kidogo kama ya mtu mwenye mafua. Akikuita kutoka darini, mgeni aliyepita njiani angejibu "Naam, Bwana." Katika harusi za Langoni yeye ndiye aliyekuwa mwanzishi wa nyimbo za wanawake. Wenzake wana sauti nyembamba zinazopaa, na nyimbo zile za kale hazisimami mpaka mtu mmoja aziwekee sakafu. Mama akifungua ubeti, wanawake wote hutulia, vijana kwa wazee, kisha huingia mmoja mmoja juu yake. Hakuwa tajiri wala mwenye ukoo wa kutajwa mara mbili, ila bibi harusi ambaye hakuanzishiwa na Bi Nuru alihesabiwa kama ametolewa nje kimyakimya. Hiyo ndiyo heshima aliyokuwa nayo, na hakuwa na nyingine. Na mimi, bintiye, niliionea haya sauti ile tangu darasa la pili, siku alipokuja kunichukua shuleni akaniita, na wasichana wakaniuliza mbona babangu amevaa buibui. Nilimkataza mama asije tena shuleni. Hakuniuliza sababu, wala hakuja tena.

Kulikuwa na santuri moja aliyoipenda kuliko zote, ya bendi ya dansi ya bara, ambayo mpiga besi wake alikuwa hana haraka na mtu. Enzi za ujana wao wanawake wa mtaa waliipiga kwenye gramafoni katika karamu zao za ndani, kwa sababu bendi yenyewe ni ya wanaume na haiwezi kuletwa ndani, lakini santuri haina macho. Ikavunjika, aliikalia mtoto wa mtu. Kilichobaki ni kaseti iliyonaswa katika karamu mojawapo: redio kaseti iliwekwa kwenye kidaka ukutani, gramafoni ikapigwa, na wanawake wakacheza, wakapiga vigelegele, wakaambiana waliyoambiana. Kaseti kama hizo zilikuwamo katika nyumba nyingi, na kanuni yake kila mtu aliijua bila kufundishwa: ya ndani haitoki nje. Sauti ya mwanamke aliyejiachia mbele ya wenzake si ya masikio ya wanaume, iwe hai au iwe kwenye kaseti. Mama aliifunga yake katika kitambaa cha kisutu akaiweka nyuma ya sahani za ukumbusho. Shee aliipata alipokuwa akipaka chokaa chumba cha ndani kabla ya Maulidi.

Alinijia nayo jikoni, mikono myeupe kwa chokaa. "Hini ndiyo santuri ya mama," akasema. "Besi yake imo humu." Nikamwambia humo mna watu, tena mna watu wa kuheshimiwa. Akasema anajua, ndiyo sababu wataondolewa. Mwangi atakata sauti zote za wanawake, hatabaki hata mmoja, itabaki besi peke yake, na mama atarudishiwa santuri yake akiwa hai. Alisema hivyo akicheka, na alikuwa anasema kweli, alitaka kumfurahisha mama. Hata mimi nilifurahi. Fikra yetu ilikuwa kwamba besi haina mwanamke, na kaseti isiyo na mwanamke si ya ndani tena.

Alasiri hiyo Mwangi aliisikiliza kwa vidude vya masikioni ili Shee asisikie maneno ya wakubwa wake, na adabu ile ya mtoto wa bara ilinigusa moyo. Kisha akaanza kukata, na kwa kuwa kukata kulihitaji masikio yetu sote, akalazimika kutoa sauti kwenye spika. "Sauti nyembamba zinakaa juu, nene zinakaa chini," alimweleza Shee. "Mimi nashuka nikizima taa vyumba vya juu." Nyuma ya pazia nikawasikia wakiondoka. Vigelegele vilikwenda kwanza. Vikafuata vikuku. Tarumbeta zikawa kama ziko kwa jirani, kisha hazikuwapo. Nilimsikia Bi Zuhura, shoga yake mama, akiongea kitu cha ufedhuli kuhusu mwendo wa bwana harusi, na ulimi wake ukageuka mvumo, ukazimika. Ikabaki besi ikitembea, na miguu mizito sakafuni, na chini kabisa, sambamba na gitaa, kikatoka kicheko. Kilianza kama mtu anayesafisha koo, kikajiviringisha, kikapasuka, kikarudi tena kifuani kikiendelea kutikisa. Nilikuwa mtoto mdogo siku ile ya karamu. Nilikuwa nimelala mapajani pake, nikakumbuka jinsi paja lake lilivyotetemeka kichwani mwangu.

"Aisee!" alisema Mwangi. "Cheki huyu mzee. Ni msee wa bendi huyu, alikuwa anacheka wakirekodi."

Shee naye akacheka kwa furaha. "Huyu ndiye mpiga besi mwenyewe, wallahi."

Wakajaribu kukiondoa. Kipande kizuri cha besi, pale tarumbeta zilipopumzika, kilimalizikia hasa ndani ya kicheko, na kila Mwangi alipokikata kicheko, noti ya mwisho ilikwenda nacho. Vilikuwa vimeshikana. Mwishowe akasema, "Wacha akae, buda. Ndiye anafanya hii kitu ibambe." Shee akaniita. Nakumbuka vilevile alivyosema, kwani aliniuliza kwa dhati, kama mtu anayeuliza kabla ya kula. "Salma! Wewe ndiye mwenye masikio. Kuna mwanamke yeyote alosalia humo?"

Ningesema nini? Nimeliuliza swali hilo miaka na miaka, na kila mara ninajibu kwa uhodari nilioukosa wakati ule. Kusema ndiyo ni kuulizwa ni nani. Na kusema ni nani ni kumwambia mwanamume wa kando, aliyeketi hatua chache kutoka kwangu, kwamba kicheko unachokisikia, kilichojaa chumba hiki na kutikisa spika zako, ni cha mama yangu. Nilihisi kwamba kumtaja ndiko kumvua. Nikikaa kimya, nilidhani, atabaki amefunikwa. Hiyo ni sababu yangu ya heshima, nayo ni kweli. Kuna nyingine isiyo na heshima, nayo pia ni kweli: Mwangi alisema ni mzee, nami nikaona nafuu. Mara moja katika maisha yangu sauti ile haikuwa ya mamangu. "Simsikii," nikasema. Shee akasema alhamdulillahi. Mwangi akapunguza mwendo kidogo ili ngoma zikae vizuri, na kicheko kikazidi unene.

Wimbo uliondoka kama moto wa makuti. Kinyozi aliyekuwa akitazamana na dirisha letu aliupiga tangu afungue mpaka afunge. Kaseti zilinakiliwa na nakala zikanakiliwa, zikafika Chundwa kwa wakulima wa tumbako na Mkokoni kwa wavuvi, na wote walipenda pahali pamoja, pale pa mzee. Wanaume wakajifunza kukiiga kicheko. Walisalimiana nacho barazani. Mtu akifungwa bao kwenye mchezo wa bao, mwenzake alimchekea kwa kicheko cha mama. Nikitoka kwenda dukani nilijifunika mpaka kope, na kila pembe nilimsikia mama akicheka kutoka kifuani mwa mwanamume nisiyemjua. Hakuna hata mmoja aliyejua. Lakini wanawake walijua wote, tangu siku ya kwanza. Niliona katika nyuso zao. Bi Zuhura alipita kwetu siku hiyo ya kwanza, akasimama uani wimbo ukiingia dirishani, akanitazama kwa muda, akasema amesahau alilokuja kulifanya, akaondoka. Langoni nzima ya wanawake ilijua, na Langoni nzima ya wanaume haikujua, na watu hao hulala kitanda kimoja. Sijaona siri iliyotunzwa namna ile na watu wengi namna ile. Mke kumwambia mumewe ingekuwa ni kumpa kicheko cha Bi Nuru mara ya pili, na safari hii pamoja na jina.

Mama aliusikia akiwa na sinia la mchele mapajani. Nilikuwa nimeketi mbele yake. Vidole vyake vilikuwa vikienda, vikitenga, vikienda, kisha kikaja kicheko kutoka kwa kinyozi na vidole vikasimama. Hakutazama dirishani. Alinitazama mimi. Alinitazama bila ghadhabu yoyote, akiwa amefungua midomo kidogo, jinsi mtu anavyokutazama anapokuona unataka kusema naye hataki kukukatiza. Nikainamisha uso nikachagua jiwe ambalo halikuwa jiwe. Wimbo ulipozunguka mara nyingine akasema, "Wapiga sauti kubwa. Funga dirisha, mwanangu." Nikafunga. Joto likawa kali chumbani, na hatukulifungua tena mpaka magharibi.

Shee, masikini, alimletea kaseti mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, tukila mahamri na mbaazi, naye amevaa kanzu mpya kwa sababu alikuwa amekuwa mtu mjini. Aliweka redio kaseti karibu na chai. "Mama, ile santuri yako ilovundika, nimekurudishia. Sikiza." Akabonyeza. Mama akasikiliza wimbo wote, mikono mapajani, mahamri mbele yake. Kila kicheko kilipokuja, Shee alicheka nacho na kumtazama mama ili wacheke pamoja. "Mzee huyu hunifurahisha sana," alisema.

"Mzee wa wapi?" mama akauliza.

"Wa bendi. Mpiga besi."

Mama akavunja hamri kipande, akakichovya katika mbaazi, hakukitia kinywani. "Mngu amrehemu, ikiwa amefariki," akasema. "Mashallah, Shee. Mashallah, mwanangu. Umenirudishia." Shee akainama akambusu mkono. Mimi nikasema chai imekuwa ya baridi, nikaichukua birika ambayo ilikuwa ikitoka moshi.

Baada ya hapo mama akaugua koo. Ndivyo alivyowaambia walipokuja kumwita harusi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Koo laniuma, alisema, na alisema kwa kunong'ona, na akaendelea kunong'ona hata tulipokuwa peke yetu. Wanawake wa mtaa, ambao walijua vizuri kwamba koo halina neno, wakamletea dawa. Wengine walileta asali, na mmoja tangawizi iliyopondwa na pilipili manga. Bi kizee mmoja alikuja na bakuli la uji wa shurba, akakaa mpaka mama akanywa wote mbele yake. Nilizipokea dawa hizo mlangoni, na kila aliyenipa alinitazama muda mrefu kuliko inavyohitaji bakuli. Kwa koo lisilougua mama alikunywa asali ya mtaa mzima. Harusi zikapita na waanzishi wengine, na nilisikia wanavyosema ngazini wakirudi: nyimbo zilikwenda, lakini zilielea. Mama alisikia pia. Aliketi jikoni akigeuza samaki ambaye hakuhitaji kugeuzwa.

Shee amesoma sura hii kabla yako. Sikuweza kumwambia kwa mdomo, nikampa aisome Mombasa kwake, mbali nami. Aliirudisha bila neno lolote, ila amefuta mstari mmoja nilioandika kwamba yeye hakuwa na kosa. Nimeuacha umefutwa. Wanaume waliocheka barazani wengi wamekwenda mbele ya haki, na Bi Zuhura, ambaye ni kipofu sasa, nilipomuuliza kama ni aibu kuyaandika, alinijibu kwamba aibu haiozi, bora ioneshwe jua.

Kabla ya Ramadhani ya mwaka ule binti wa Bi Zuhura alikuwa anaolewa, na wakwe walikuwa watu wa Chundwa wenye macho makali juu ya watu wa Amu. Bi Zuhura hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe asubuhi, akapita moja kwa moja jikoni, akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nami nikaambiwa niende nikaanike nguo. Nguo zilianikwa darini, juu ya nyumba, na dari yetu ilikuwa na tundu la moshi juu ya jiko. Sikujificha. Nilianika pole pole tu.

"Bi Nuru, watukimbia mpaka lini?" alisema Bi Zuhura. "Wanaume hawayui."

"Nikifungua kanwa watayua. Huwa barazani pale nje, ukuta ni huu mmoja. Wakinisikia, mara moya tu, watasema, a, kumbe ni huyu. Na Shee je? Mwanangu atatembea wapi?"

"Na wewe je?"

"Mimi nimekwisha kutembea."

Nilisikia Bi Zuhura akivuta pumzi. "Hao watambua kitu kimoya tu, kiteko," alisema. "Basi tutateka sote. Nimewambia wenzangu, kila mmoja ashushe sauti yake tini kabisa. Tutakiteka kiteko chako mpaka kiwe ni cha mtaa. Ukifungua kanwa hapo, hapana wa kukuyua. Watasema wanawake wamwiga mzee."

Nikabaki na shuka mkononi. Kisha mama akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Ni nani alowapa kaseti?"

"Huyui?"

"Nayua ni Shee. Shee hayui kitu, Shee ni mwanamume, ni wa nje. Nauliza ni nani wa ndani alosikia akawata." Kuwata kwetu ni kuacha. Bi Zuhura akasema Mungu ndiye ajuaye. Mama akasema, "Basi nitakuya, kwa ajili ya binti yako."

Alasiri ya harusi chumba kilijaa hadi ngazini. Harufu ilikuwa ya udi na asumini, na ya jasho chini ya manukato. Mama aliketi nyuma, karibu na ukuta, amejifunika leso kichwani ingawa tulikuwa wanawake watupu. Nje, chini ya dirisha, wanaume walikuwa barazani wakingoja pilau. Wimbo wao ulikuwa ukipigwa mahali fulani, maana haukukosekana mahali. Ulipofika pahali pake, Bi Zuhura alisimama katikati ya chumba, mkono kiunoni, akashusha kidevu, akacheka kwa sauti ya chini iliyomchuna koo. Ilikuwa mbaya, ilikuwa kama mbuzi. Mwingine akafuata, na mwingine, wanawake wazima wenye wajukuu wakisaga sauti zao mpaka chini, wakikohoa, wakijaribu tena. Nje wanaume wakapiga kelele, "Mzee! Mzee!" wakapiga makofi. Hapo wanawake wakaanza kucheka kwelikweli, na ule wa kuiga na ule wa kweli ukachanganyika. Wakwe wa Chundwa hawakujua kinachochekwa, wakacheka nao. Nilimtazama mama. Hakucheka, ila leso ilikuwa imemshuka mabegani, na uso wake, kwa mara ya kwanza tangu miezi ile, ulikuwa uso wake. Nilijaa furaha hata nikasahau nafsi yangu. Nikasogea karibu naye, nikashusha kidevu kama wenzangu, nikafungua kinywa nicheke kwa ajili yake.

Kilichotoka hakikuwa cha kuiga. Kilianza kama mtu anayesafisha koo, kikajiviringisha kifuani, kikapasuka, na sikuweza kukizuia. Kilikuwa kile kile. Wanawake walio karibu wakageuka wote kwa pamoja, wengine wakimtazama mama, kisha wakaona kwamba si yeye, wakanitazama mimi. Nje mwanamume mmoja akasema kwa sauti ya kushangaa, "Huyo sasa ndiye!" Mkono wa mama ulikuwa umeshafika mdomoni kwangu. Aliubana kwa nguvu, meno yangu yakaumia, na akanivuta kichwa mpaka sikio langu likawa kinywani mwake. Hakunong'ona. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, nene, niliyokuwa sijaisikia muda mrefu, chini ya kelele zote.

"Hicho ni chako. Kifite. Changu mimi nalingoja useme, ukakiwata kikenda."

Akauondoa mkono. Akasimama, akapita katikati ya wenzake mpaka mbele ya bibi harusi, akafungua ubeti wa kwanza, na chumba chote kikatulia. Kisha wakaingia mmoja mmoja juu yake, wazee kwa vijana, mpaka ikafika zamu ya safu yetu sisi mabinti kuitikia. Mama akanigeukia akaningoja. Nilifungua kinywa, na haikutoka sauti yoyote.